Safu ya Aliyeshika

Kabla hujamwona ungemsikia. Gari la mradi wetu lilikuwa na honi mbovu, ukiibonyeza haikubali kunyamaza upesi, na Profesa aliibonyeza kwa ngumi. Kutoka Lumino hadi Masaba watu walijua maana ya mlio ule: barafu inayeyuka ndani ya boksi, damu inaharibika, na sisi wafanyakazi wake tumekawia kwenye nyumba za watu tukinywa chai. Nilifanya naye kazi miaka kumi na mmoja, nikiwa fundi wa maabara. Hadi leo nikisikia honi ndefu barabarani, mkono wangu unatafuta kifuniko cha chupa.

Jina lake silitaji. Wenye shughuli naye wanalijua, na limeandikwa vya kutosha kwenye karatasi za wakubwa. Vijijini walimwita Daktari wa Mbung'o, kwa sababu alichokuwa akikitafuta maisha yake yote ni kile kimelea kinacholetwa na mbung'o, kinachomlaza ng'ombe na kumlaza mtu mpaka hawaamki tena. Sisi maabara tulimwita Profesa. Wachinjaji wa upande wa Kenya walimwita Prof Damu, na hilo ndilo alilolipenda.

Nitasema mapema kwamba alikuwa mtu mkali, na sisemi ukali wa kupaza sauti. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Kuna mwanafunzi alikuja kwetu Busitema kujifunza kazi, akatunga majibu ya chupa ishirini ambazo hakuzipima. Profesa alisoma ule ukurasa, akanyanyua kishikio kizima cha chupa za kioo akamtupia. Sikio la yule kijana lilipasuka. Profesa akamkalisha kitini akamshona mwenyewe, nyuzi tatu, na kila uzi alimpa tusi lake. Kijana hakuondoka. Sasa ana maabara yake mwenyewe na nasikia yeye hapigi mtu.

Siku nyingine, pale mpakani Busia, dereva wa lori alimpiga teke mlemavu mmoja, kati ya wale wanaovusha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu. Profesa alikuwa ameshavuka miaka sitini. Alimvuta yule dereva kwa ukosi wa shati mpaka chini, akamkalia, akampiga usoni hadi watu walipomtoa. Alirudi maabara mdomo umejaa damu na jino moja limetoka, akakaa kwenye hadubini akafanya kazi mpaka jioni. Nilimheshimu sana siku ile. Wiki iliyofuata akanizaba kofi kwa kubandika lebo vibaya. Nilipomkumbusha habari ya dereva, akanijibu, "Yule alimpiga mnyonge. Wewe si mnyonge." Nikaona amenisifu. Ndivyo nilivyokuwa mjinga.

Asubuhi alikuwa machinjioni. Alivaa viatu vya mpira, akapiga magoti kwenye matope mekundu, akaweka chupa chini ya koo la ng'ombe kisu kikiwa bado kinapita. Wachinjaji walimtania. "Prof, leo umekuja kuchota ama kununua matumbo?" mmoja wao alimuuliza kila siku, na kila siku yeye alimjibu, "Nimekuja kukupima wewe, unasinzia sana." Damu ilimrukia kwenye miwani na hakuifuta mpaka chupa ijae.

Kazi yake ya kwanza, ile iliyompa uprofesa, ilikuwa ya molekuli. Kimelea cha malale kina ujanja: mwili ukishalitambua koti lake, kinalivua na kuvaa jingine, na jingine tena, mpaka mwili unachoka kufukuza. Yeye alikuwa akisoma maandishi ya urithi ya yale makoti, herufi kwa herufi. Angeweza kuishi vizuri kwa kazi hiyo hadi kustaafu. Kilichomharibia ni kabati.

Kabati lenyewe lilikuwa Tororo, katika stoo ya kituo cha zamani cha utafiti. Tulikwenda kutafuta ramani za vichaka vya mbung'o, tukakuta madaftari ya enzi za wakoloni, yameliwa na mchwa pembeni. Ndani yake watu waliopimwa malale wameorodheshwa: jina, kijiji, siku ya kudungwa uti wa mgongo, dawa aliyopewa, na pembeni maneno mafupi. Alikimbia. Alishikwa. Alidungwa. Alikimbia. Alishikwa. Kisha, kwa wengi mno, neno moja: kipofu. Dawa ya siku zile ilichukua macho.

Alijifungia na yale madaftari siku tatu. Siku ya nne alikuja maabara hajanyoa ndevu, akasimama mlangoni, akauliza, "Nani alishika?"

Hatukumwelewa.

"Daktari aliyedunga ameandikwa," akasema. "Aliyedungwa ameandikwa. Mtu asiyetaka hadungwi mgongoni na mtu mmoja. Kuna waliomshika miguu, kuna waliomkalia. Wako wapi humu ndani?"

Kuanzia siku ile akawa mwanahistoria wa sayansi, bila ruhusa ya mtu, na wenzake wa molekuli wakasema amezeeka vibaya. Swali lake likawa hilo hilo kwa kila kitu. Ukimpelekea makala safi kutoka ng'ambo, yenye picha za rangi, alisoma mpaka mwisho akauliza nani alishika. Hata ukimwambia ng'ombe fulani ametoa damu bila shida, alitaka jina la aliyemkamata pembe.

Kila kundi jipya la wanafunzi alilipitisha kwenye meza. Alivua shati, akalala ubavu, magoti kifuani, akawaamuru vijana watatu wamshike. Sindano haikuwapo, ilikuwa kushika tu. Halafu alianza kupigana nao. Alipiga mateke kwelikweli, aliuma, aliwatukana mama zao, mzee wa miaka ile, na wao wakalegea kwa aibu. "Nishikeni vizuri," alikuwa akiwaambia. "Anayetaka kukimbia hashikwi hivyo." Mara moja walimshika vizuri mpaka ubavu ukalia. Akawashukuru, kisha akawaambia wakaandike walivyojisikia dakika ile walipoona wamemweza. Binti mmoja alitoka nje akatapika. Aliandika kwamba alifurahi, na Profesa akampa alama zote.

Hapo ndipo ilipozaliwa safu. Kwenye fomu yetu ya kuchukulia damu aliongeza safu moja ya mwisho, juu yake imeandikwa "Aliyeshika". Kama mtu ametoa damu kwa hiari, unaweka mstari mfupi. Kama ameshikwa, hata na mama yake, hata kidogo, unaandika jina la aliyemshika, na chupa ile inamwagwa siku hiyo hiyo. Hakuna mjadala. Nimeona chupa nzuri sana zikimwagwa kwenye sinki kwa ajili ya safu ile.

Aliongeza na kidole. Akiingia kwenye mji wa watu, boma lao, kabla ya yote, alinyoosha mkono wa kushoto na kumpa mwenye mji kijisindano kipya amchome yeye kwanza. Wengine walichoma kwa adabu, kama wanamgusa mgonjwa. Bibi mmoja wa Lumino aliingiza mpaka kwenye mfupa, akaangalia damu inavyotoka, akasema, "Sawa, hii pia ni mtu." Ncha za vidole vya Profesa vilivyochomwa zilikuwa ngumu kama kwato. Kanuni hiyo ilikuwa yake peke yake. Sisi wafanyakazi hatukutoa vidole, na hakuna aliyewahi kutuuliza.

Sasa Masaba.

Siku ile kazi ilikuwa nyingi na jua lilikuwa kali. Profesa alibaki garini barabarani na boksi la barafu, mimi nikaingia mji wa mwisho peke yangu. Nilimkuta bibi na mjukuu wake wa kike, miaka saba hivi, amelala mkekani kivulini, shingo imevimba, macho mazito. Nilijua nilichokuwa nikikiona. Baba alikuwa shambani.

"Musawo, damu chukua tu," bibi aliniambia, maana kwao kila mwenye sindano ni musawo, daktari, "lakini ngojea mama yake. Iko kwa kisima, anakuja sasa hivi."

Nikakaa kungoja. Honi ikaanza. Ikalia, ikanyamaza, ikalia tena na safari hii haikunyamaza. Nikamwambia bibi nitafanya haraka. Mtoto alipoona sindano aliamka kwa nguvu ambazo sikujua anazo, akanipiga usoni, akaniuma hapa chini ya kidole gumba. Nilimlaza chali nikaweka goti juu ya bega lake, jingine juu ya mkono, uzito wangu wote, nikavuta chupa moja ikajaa. Bibi alikuwa akisema mwachie, mwachie. Nilibandika pamba, nikaandika fomu nikiwa natembea, na kwenye safu ya mwisho nikaweka mstari mfupi.

Damu ile ilikuwa na vimelea vingi kuliko yoyote tuliyokuwa tumeipata. Siku ya sita tulirudi mbio kusema mtoto ana malale, apelekwe hospitali. Hatukujua kwamba alikuwa amekufa siku mbili kabla. Sindano yangu haikumuua. Nimejiambia hivyo mara nyingi, ni kweli, na hainisaidii.

Profesa aliingia mbele. Aliona watu wengi wamekaa kimya, akadhani wametungoja. Akanyoosha mkono wa kushoto kama kawaida yake, vidole vimefunguka, kijisindano katika mkono wa kulia. Baba mtu alitoka nyuma ya nyumba na panga la kukatia miwa. Alitembea tu, hakukimbia, na Profesa hakuvuta mkono. Panga lilishuka mara moja. Vidole vitatu vilianguka pale pale kwenye majivu ya moto wa matanga.

Mawe yalifuata. Moja lilinipata mgongoni, jingine lilimpasua dereva wetu paji la uso. Nilimfunga Profesa mkono kwa kitambaa changu cha kichwa nikamvuta kupitia mihogo. Nyuma yetu walilipindua gari wakalitia moto, na waya zilipoungua honi ikaanza kulia yenyewe. Ililia muda mrefu, tuliisikia hadi barabara kuu, mimi na yeye kwenye baiskeli ya msamaria, damu yake ikinitiririkia mapajani. Nilimuuliza baadaye hospitalini kwa nini hakuvuta mkono. "Nilimwambia achome," akasema. "Amechagua kifaa chake."

Mahakamani yule baba alisema neno moja tu, alilirudia mara tatu: "Walimkalia mtoto yangu." Mama yake, yule bibi aliyeona, alikuwa ameshamfuata mjukuu kaburini. Mwendesha mashtaka akatoa fomu, akaonyesha safu ya mwisho, akaniuliza kama mwandiko ni wangu. Nikasema ndiyo. Akauliza kama mstari ule maana yake mtoto hakushikwa. Nikasema ndiyo, hiyo ndiyo maana yake. Profesa, mkono umefungwa bandeji, aliomba mtu yule asifungwe, akasema vidole ni vyake na amesamehe. Lakini alipoulizwa kuhusu fomu alisema kwa fahari kwamba fomu zake hazidanganyi. Baba wa mtoto akaenda jela miaka minane.

Niliacha mradi mwaka uliofuata, nikafungua chumba kidogo cha kupimia malaria mjini Busia. Profesa aliendelea. Chupa ya Masaba ikawa moyo wa makala yake kubwa ya mwisho ya molekuli, na watu waliosema amezeeka vibaya wakaomba radhi. Kisha akaketi kuandika kitabu cha historia, cha yale madaftari, na mwaka huu akaniletea mswada nikague majina ya vijiji.

Sura ya mwisho ilikuwa ya Masaba, na ilikuwa nzuri, hilo nalisema kwa uchungu. Aliandika kwamba katika madaftari ya kabatini kuna mtu wa ukoo ule ule aliyekimbia mara mbili na kukaliwa mara mbili. Mjukuu wake, yaani yule baba, aliandika, alipofiwa na mtoto, alitoa kinywani maneno ya babu yake: walimkalia. Fomu inaonyesha hakuna aliyemkalia mtoto. Kwa hiyo kumbukumbu ya dhuluma ya zamani iliruka vizazi ikaongoza panga. Kurasa kumi na nne za huruma, na chini yake, kama ushahidi, picha ya mstari wangu mfupi.

Yule baba alikuwa ameshatoka jela. Niliwaza kwamba sasa atasomwa duniani kote kama mtu aliyekata mkono kwa sababu ya ndoto. Nilifunga mlango wa kliniki, nikapanda gari la Tororo, alikokuwa akiishi Profesa.

Nilimkuta barazani mchana, anamenya viazi kwa vidole viwili na kisu. Alikuwa amepungua sana. Hakunikaribisha, alikuwa hakaribishi mtu.

"Umesoma?"

"Nimesoma, Profesa. Sura ya Masaba ina kosa."

"Kijiji kipi?"

"Si kijiji. Umeandika hakuna aliyemkalia. Nilimkalia mimi."

Aliweka kiazi chini. Akasimama akanipiga kwa mkono ule wa vidole viwili, na kidole gumba kikaniingia jichoni. Akanipiga tena. Niliegemea ukuta nikangoja kipigo cha tatu, hakikuja.

"Ulisimama mbele ya hakimu."

"Ndiyo."

"Yule mtu amekaa ndani miaka minane."

"Ndiyo."

"Mimi ningeimwaga ile chupa. Kwa nini hukumngojea mama yake?"

Njia nzima kutoka Busia nilikuwa nimejiapiza kwamba hili sitalisema, kwamba mzigo huu nitaubeba peke yangu. Lakini jicho lilikuwa linauma na nilikuwa na hasira naye, hasira ya miaka mingi.

"Ulikuwa unapiga honi," nikasema.

Alikaa chini. Maganda ya viazi yalikuwa mapajani mwake na hakuyaondoa. Aliniuliza ililia kwa muda gani, nikamwambia haikuacha kulia. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali hesabu ya hadubini.

Aliingia ndani akarudi na fomu yenyewe, ile ya mahakamani, imekuwa ya manjano. Akanipa kalamu. "Jaza." Niliandika jina langu kamili juu ya mstari ule mfupi. Akanipokonya kalamu, akaandika la kwake chini ya langu, akalitangulizia vyeo vyake, kisha akavikata vyeo.

"Miaka yote hii nauliza nani alishika," akasema. "Sijauliza hata siku moja nani alikuwa nje anaharakisha." Halafu akalia, kwa sauti, mbele yangu, na mimi sikumbembeleza.

Siku iliyofuata alifuta sura na akaandika barua ya kuiondoa makala yake kubwa. Siku ya tatu tulikwenda Masaba kwa pikipiki, yeye amekumbatia boksi la barafu. Nilitarajia panga. Nadhani nilitaka liwepo.

Baba wa mtoto alikuwa amezeeka kutuzidi sote. Hakusimama. Profesa alimsomea ile fomu mstari kwa mstari, na alipofika safu ya mwisho akasoma majina mawili.

"Mi nasema kwa korti," yule baba akasema. "Nasema mara tatu."

"Ulisema. Na mimi nikaandika kwamba unakumbuka mambo ya babu yako."

"Babu yangu hajui ile mtoto."

Profesa akainamisha kichwa. Alifungua boksi, akatoa chupa ndogo ya damu ya mtoto, imeganda, akampa. Yule baba aliigeuza mkononi, akasoma namba iliyobandikwa, akaitia kwenye mfuko wa shati na kuufunga kifungo. Kisha Profesa akanyoosha mkono wa kulia, ule mzima, na kijisindano juu ya kiganja.

"Wewe nilishakata," akaambiwa. Yule baba akanielekezea mimi kidevu. "Huyu bado."

Mkewe alitoka jikoni. Ndiye aliyekuwa kisimani siku ile. Alinawa mikono, akaifuta kwa kanga, akachukua kijisindano, akanikamata kiganja. Alichoma, damu haikutosha, akachoma tena. Nilitaka kuvuta mkono, na nilivuta. Alikuwa amenishika.